Nchi Yenye Sheria ya Msiba

Nchi aliyotoka marehemu mume wangu ina sheria ya msiba. Si desturi, ni sheria kamili, iliyopigiwa kura na watu wazima waliovaa tai. Inasema waje watu wangapi, zipikwe sufuria ngapi, nguo nyeusi zisivaliwe, na sauti ya kulia isizidi kiasi. Kiasi chenyewe hakikuandikwa. Anayekijua ni mwenyekiti wa mtaa, ambaye husimama mlangoni, hutega sikio, kisha huamua kama mjane anamlilia mumewe au anaipinga serikali.

Aliponisimulia mara ya kwanza nilicheka. Tulikuwa jikoni kwetu, Adelphi, huku Marekani, anakanda unga wa mkate.

"Unanitania," nikamwambia. "Serikali ina kazi gani na machozi ya mtu?"

"Haina kazi nyingine," akasema, akaendelea kukanda.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ni mojawapo ya zile zilizokuwa chini ya Moscow, ambazo siku moja ziliambiwa ziko huru, na mkubwa wa chama akalala mkubwa wa chama akaamka rais. Ziko kadhaa. Siitaji kwa sababu mama mkwe wangu bado anaishi kule, na wifi yangu pia, na kule mzee wa miaka themanini anaweza kuadhibiwa kwa maneno ya mkwewe aliye ng'ambo ya bahari.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba moja huko Wheaton, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza wasipate vidonda. Mume wangu nilimkuta humo humo, alikuwa mpishi kabla hajahamia hoteli moja upande wa Oxon Hill kuoka mikate. Kiswahili alijifunza kwangu na kwa Wakongo aliofanya nao kazi, kwa hiyo kilikuwa nusu cha Kondoa na nusu cha Bukavu. Watu walimcheka, naye alipenda kuchekwa. Alisema kwao kicheko ni kitu adimu, lazima ukile kikiwa moto.

Kicheko ndicho kilichomfukuza kwao. Alikuwa na tanuri la mkate katika mji wao, urithi wa baba yake. Sheria ilitaka picha ya rais itundikwe kila duka, hata kwenye tanuri. Sasa fikiria picha ya mtu, nyuma ya kioo, mahali ambapo unga unaruka tangu alfajiri. Kila siku kabla ya kuwasha moto ilibidi amfute rais. Siku moja akaja mkaguzi, akapitisha kidole kwenye paji la uso la picha, akakiinua kidole mbele ya watu waliopanga foleni.

"Nini hiki?"

"Unga."

"Kwa nini uko usoni pa Rais?"

Mume wangu akamjibu, "Mzee, unga haujui nani rais."

Foleni nzima ikacheka. Aliniambia maneno yale peke yake yangesamehewa, angelipa faini yakaisha. Kilichokosa msamaha ni watu kucheka. Serikali inayojiamini husikia mzaha ikakohoa ikaendelea na safari. Ile ya kwao ilituma gari.

Walikomfungia sikukujua. Hakunisimulia yote, nami sikumchimba. Ninachojua ni kwamba hakuweza kuvumilia mlio wa funguo. Zetu za nyumbani nilizifunga kitambaa ili zisigongane, na zimefungwa hivyo mpaka leo ingawa sasa hakuna wa kuzisikia.

Alipoachiwa alitoroka, akazunguka nchi za watu, mwisho akafika huku. Baba yake alipofariki hakuweza kurudi kuzika. Siku ile alikuja kunichukua kazini, nikamkuta kwenye maegesho Wheaton ndani ya gari, vioo vimefungwa, analia bila sauti. Nikafungua mlango nikamwambia, "Lia, baba, hapa ni Marekani." Hakuweza. Walishamfundisha kiasi.

Jambo moja tu alisisitiza maishani mwetu: picha yake isipite kwenye simu za watu. Watanzania wa huku wakipiga picha ya harusi, yeye alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuwa anajiogopea. Alimwogopea mama yake.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu. Maisha yake yote alifundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma, na nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake, mwenyekiti wa mtaa akiwa mmoja wao. Mume wangu akimpigia simu walizungumza habari za turnipu za bustanini, miguu, theluji na mikate. Hakuna zaidi, maana simu ile ilikuwa na mtu wa tatu. Walijua yupo. Wakati mwingine walimsikia akikohoa. Na kila mara, kabla ya kukata, mama alimsemesha huyo msikilizaji. Mume wangu alinitafsiria huku machozi ya kucheka yakimtoka.

"Anamwambia, 'Na wewe mwanangu, umekula? Umekaa hapo tangu asubuhi. Nenda ukale.'"

Nilimpenda mama yule bila kumwona.

Mume wangu alifariki kazini, kwa moyo, mbele ya oveni. Walinipigia simu nikiwa namlisha bibi mmoja uji. Nilimaliza kumlisha. Sijui kwa nini, nadhani mikono ilikuwa haijapata habari. Tukamzika huku, haraka, kama dini inavyotaka, na Waislamu wa kutoka nchi sijui ngapi wakamtupia udongo.

Taarifa ilipofika kwao, mwenyekiti wa mtaa alikwenda kwa mama mkwe na kofia mkononi. Wifi yangu, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza na ndiye aliyenisimulia haya yote, alikuwepo. Mwenyekiti akasema anasikitika sana. Kisha akasema msiba hautakuwepo. Aliyekufa yumo katika daftari la wasaliti, na msaliti hawekewi matanga, hasomewi arobaini, jina lake halitajwi mbele ya mkusanyiko. Ila serikali ina huruma. Mama anaweza kupika sufuria moja na kuwaombea marehemu wote kwa jumla.

Mama mkwe akamtazama mwanafunzi wake wa zamani. "Marehemu wote kwa jumla," akasema, "ni mimi niliyewazaa?"

Mwenyekiti akavaa kofia akaondoka.

Hapo ndipo mama alipotuma ombi lake, kwa simu ya jirani ambayo haikuwa na msikilizaji. Wifi akanitafsiria: mama haombi mwili, haombi picha, haombi kitu. Anaomba siku ya arobaini huko Marekani asikie mwanawe akitajwa kwa jina lake na akililiwa kwa sauti. Basi. Akishasikia hivyo mara moja, atanyamaza kama wanavyotaka.

Nikamwahidi.

Msiba kwa Watanzania wa huku una wenyewe, na kwetu mwenyewe ni dada mmoja wa Moshi, nesi, Mkristo, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Ndiye anayetangaza, ndiye anayegawa nani alete mchele na nani alete mikeka. Bila yeye wengi wetu tungezikwa na manispaa. Nilimwambia asiweke picha, akaitikia. Lakini tangazo la msiba lisilo na picha halikumwingia akilini, kama vile kumtangaza mtu aliyejificha. Akatafuta, akapata moja ya zamani ambamo mume wangu anaonekana ubavuni, akamkata, akaweka mishumaa miwili pembeni, jina kamili, mahali, saa, na maneno "Wote mnakaribishwa". Ikasambaa kwenye makundi ya Maryland na Virginia kabla sijaamka.

Nilipomlalamikia alishangaa. "Dada yangu, mtu akifa si anatangazwa? Tumfiche kama mwizi?"

Kwetu, kweli, anatangazwa.

Tulisoma arobaini mchana wa Jumamosi katika ukumbi wa chini wa majengo yetu Adelphi. Kule kwao ilikuwa usiku tayari. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake tulikaa chumba cha pembeni chenye jiko. Mimi nilikuwa eda. Kazini nilikuwa nimerudi, kwa sababu mwenye nyumba wa Marekani hajui eda, lakini siku ile wanawake walinikalisha kwenye mkeka katikati yao, wakanivisha kanga, na nilitakiwa nisionekane na wanaume. Simu ya video ilisimamishwa ukumbini kwenye kigoda karibu na kipaza sauti, ili mama asikie vizuri kisomo. Dada wa Moshi ndiye aliyeilinda. Upande wa pili, kwa simu ya jirani, alikuwepo mama mkwe, wifi, na wanawake wa mtaani waliojiiba wakaingia mmoja mmoja. Ule nao ulikuwa mkusanyiko, na sheria ilikuwa imekwisha kuvunjwa.

Kisomo kikapita vizuri. Jina lake likatajwa, kwa kipaza sauti, kamili, na jina la baba yake. Mle chumbani tukalia, mimi nikalia bila kiasi, na nilijua kwamba mbali kule mama anasikia. Kama mambo yangeishia pale ningekuwa sina cha kuandika.

Wakati pilau linapakuliwa nikamsikia dada wa Moshi kwenye kipaza sauti.

"Jamani, jamani, tusikilizane. Leo tumepata baraka. Mnajua shemeji yetu hakuwa na ndugu huku. Sasa Mungu si Athumani, amekuja mgeni kutoka ubalozi wa kwao! Amekaa hapa mbele kimya tangu saa zile, mnyenyekevu, wala hakutaka kujulikana. Tunamwomba aseme neno kwa niaba ya familia."

Nikasimama. Mkenya mmoja wa Nakuru, mama mzito anayefanya kazi na mimi, akanishika kanga akanivuta chini.

"Wewe, unaenda wapi? Uko eda. Huko kumejaa wanaume."

"Yule si ndugu!"

"Ai, mama, kwa msiba kila mtu ni ndugu. Keti."

Lazima nieleze kosa lilivyotokea, maana ni kosa ambalo wangelifanya watu wetu tu. Kwetu mtu wa ubalozi akija msibani ni heshima. Huwekwa kiti cha mbele, hupewa kipaza sauti, hutoa pole ya balozi, hula, watu hupiga naye picha. Dada wa Moshi alimwuliza mgeni mlangoni, "Wewe ni wa upande wa marehemu?" Mgeni akasema anatoka ubalozini. Dada akafurahi kama aliyeshtukizwa na zawadi. Haikumjia kwamba iko nchi duniani ambayo ubalozi wake unakwenda msibani kuhesabu vichwa.

Basi kachero akawa msemaji wa familia.

Sikumwona, nilimsikia tu kupitia ukuta. Alikataa kidogo, kwa adabu, watu wakampigia makofi ya kumtia moyo wakidhani ana haya. Akazungumza Kiingereza, na dada wa Moshi akatafsiri kwa namna yake. Mgeni akisema sentensi moja kavu, dada alitoa tatu zenye siagi.

"Anasema amekuja kwa huzuni kubwa. Anasema wao ni watu wamoja, familia moja. Anasema serikali yao inawapenda mno raia wake, popote walipo inawafuata."

"Amina!" ukumbi ukaitika.

Ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine. Mume wangu angecheka mpaka akae chini. Serikali iliyomfunga kwa ajili ya vumbi la unga sasa inamsemea kwenye arobaini yake, huku imeshika sahani ya pilau, na Waswahili wanaiitikia amina.

Kisha dada wa Moshi akafanya la mwisho, kwa moyo mweupe kabisa. "Na mama mzazi yuko hewani! Karibu shemeji, msalimie mama, afarijike." Akainyanyua simu akamtia mkononi.

Hapo nikawakimbia wanawake. Eda yangu Mungu anaijua. Nikatoka na kanga kichwani, nikamwona kwa mara ya kwanza: mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, viatu safi, sura ya karani wa posta. Alikuwa anaitazama simu. Kwenye kioo alikuwa mama mkwe wangu na kitambaa chake cha bluu, na nyuma yake wale wanawake wa mtaani, wote wanaonekana, wote wamemkodolea macho. Mama alikuwa anamsemesha. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mwalimu anayemkuta mtoto nje ya darasa. Mgeni akawa mwekundu mpaka shingoni, akakata simu.

Alichoambiwa nilikijua baadaye kutoka kwa wifi. Mama alimtazama vizuri, akamwuliza, "Wewe ndiye unayekohoa kwenye simu yangu? Umekula?"

Alikuwa amekula. Na akina mama, kwa kuwa mgeni wa msiba haondoki mikono mitupu, walikuwa wamekwisha mfungia pilau na kachumbari kwenye chombo cha foili. Alikichukua. Nilimfuata mpaka kwenye maegesho, naye kakikumbatia kifuani.

"Mliyemwona kwenye simu ni mwanamke mzee aliyefiwa," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kazini. "Msimguse."

"Mama yake analindwa vizuri," akasema. Akakiweka chombo kwenye kiti cha mbele, akakifunga mkanda wa usalama kisimwagike, akaondoka. Hilo la mkanda sijalisahau. Watu wa aina ile ni waangalifu sana na chakula.

Dada wa Moshi alipoelewa alikaa kwenye ngazi akalia. "Nisamehe. Nilidhani ni kama wetu."

Sikuweza kumkasirikia kwa muda mrefu. Nami sisemi wetu ni malaika. Nimekua nikiona mawe ya kando ya barabara yakipakwa chokaa kwa sababu mkubwa fulani atapita, na nimeona walimu wakitoa watoto darasani wakaimbe juani. Lakini nilipofiwa na baba yangu Kondoa, serikali haikuja kupima sauti ya mama. Hiyo tofauti ndogo niliidharau mpaka nilipoolewa.

Dada alitaka kurekebisha. Akanipeleka mjini, kwenye ofisi ya watu wanaoshughulikia haki za watu katika nchi kama ile, jengo zuri lenye vioo na chupa za maji. Kijana mmoja alitusikiliza kwa heshima, akasema wanafuatilia kwa wasiwasi mkubwa. Nikamwuliza wasiwasi ule unafika kule au unabaki humu ndani. Akatabasamu, akatupatia kadi. Tukarudi kwa treni. Dada hakusema neno mpaka Wheaton, na hiyo kwake ni miujiza.

Kule mambo yalikuwa yamekwisha anza. Mwenyekiti alirudi kwa mama mkwe na watu wawili wenye kamera. Wakasema mama atasoma tamko: kwamba alimlea mwanawe vibaya, kwamba anamkana, kwamba anamshukuru Rais kwa uvumilivu wake. Asiposoma, wifi yangu ataondolewa shuleni. Wifi ana watoto, na mumewe alikwenda kutafuta kazi Urusi akapotelea huko. Mama akasema, "Leteni karatasi."

Wifi aliponiambia hivyo kwa simu, nilikaa chini. Mwanamke aliyeomba kitu kimoja tu, mwanawe atajwe na aliliwe, sasa alitakiwa atamke kwa mdomo wake kwamba hana mwana.

Walimwandikia kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake. Kamera ikawashwa. Mama akaanza kusoma, kwa sauti safi, akifuatisha kwa kidole, kila kilichokuwa juu ya karatasi.

"Mimi mwalimu mstaafu. Hapa mama atazame chini. Nasema kwa hiari yangu mwenyewe. Hapa mama atulie kidogo aonyeshe majuto. Mwanangu alikuwa..."

Wakazima kamera. Wakamweleza kwamba maneno ya pembeni hayasomwi. Akasema ameelewa. Wakawasha, akayasoma tena. Wakayakata kwa kalamu, akasoma, "Hapa pamekatwa." Wakamletea karatasi mpya, akasema sasa macho yamechoka. Mwenyekiti wa mtaa alikaa kwenye benchi na jasho, wifi anasema, kama siku alizokuwa akishindwa kusoma ubaoni. Mwisho wenye kamera waliondoka wakisema bibi amezeeka akili.

Nilimwuliza wifi, "Kweli amezeeka akili?"

Akasema, "Jana alimsahihisha mwanangu insha."

Lakini serikali haiwezi kuondoka mikono mitupu, nayo ina desturi zake. Wifi aliondolewa shuleni hata hivyo. Siku hizi anashona nguo nyumbani. Na mlangoni pa mama ikawekwa amri: hakuna mkusanyiko, hakuna matanga, hakuna watu kuingia pamoja. Mwenyekiti akaleta kiti cha plastiki akakaa getini mwenyewe ahakikishe. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ameajiriwa kukaa juani azuie mwanamke mzee asipewe pole.

Hapo ndipo jirani wa kwanza alipokuja na kikombe. Akamwambia mwenyekiti amekuja kuazima chumvi. Mwenyekiti akafikiri. Sheria ilitaja wageni, sufuria, nguo na sauti, haikutaja chumvi. Akamruhusu. Jirani akaingia, akamshika mama mikono, akalitaja jina la mume wangu, wakalia wawili kwa sauti ya chini, akatoka na chumvi. Akaja wa pili, naye kaishiwa chumvi. Akaja wa tatu. Siku ile na siku zilizofuata mtaa mzima ukaishiwa chumvi. Wengine walikuwa wale waliokuwa kwenye foleni ya mkate siku ya mkaguzi, na wifi anasema baadhi walipolitaja jina walikumbuka na unga, wakacheka humo ndani, mama akicheka nao.

Mwishowe akaja mke wa mwenyekiti mwenyewe, na kikombe. Mume wake akamwangalia. Akamwambia, "Nyumbani kuna chumvi, nimenunua juzi."

"Imeisha," akasema mke, akampita.

Alikaa ndani kuliko wote. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, na kikombe kimejaa, akakishika wima mbele ya uso wa mumewe ili akione vizuri. Mwenyekiti akageuza kiti chake kikatazama barabara.

Juzi mama mkwe alipiga mwenyewe, kwa simu yake ya zamani, ile yenye mtu wa tatu. Wifi alikuwa pembeni akitafsiri. Nikamsalimia kwa maneno machache ya kwao niliyofundishwa na mwanawe. Akaniambia ameomba kitu kimoja na amepata zaidi: mwanawe ametajwa kila siku, kwa jina lake, nyumbani kwake, na watu aliowafundisha kusoma. Tatizo lililobaki ni dogo. Nyumba haina chumvi hata ya mchuzi, na miguu haimfikishi dukani.

Nilicheka nikiwa nimesimama na funguo zangu zilizofungwa kitambaa. Yeye akacheka. Tukamsikia wa tatu akikohoa.

Mama akamsemesha, na wifi akatafsiri bila kuombwa: "Mwanangu, ukitoka kazini nipitishie chumvi. Na mlangoni waambie umekuja kuazima."